Nyumba Isiyoombwa Moto

Mtaani kwetu Ng'ambo asubuhi ilianza kwa kuombana moto. Aliyewahi kuamka ndiye aliyewasha jiko, na wengine walimpelekea vifuu vya nazi ili wachukue makaa mawili matatu ya kuanzia. Mimi nilikuwa muamkaji wa mapema tangu kwetu, na moto wangu ulishika kabla ya wa mtu yeyote. Lakini tangu mwezi ule mume wangu alipopangiwa kazi ya kwenye gari la wagonjwa, hakuna kifuu kilichofika mlangoni kwangu. Wanawake walinipita, wakaniamkia vizuri tu, wakaenda kuomba moto nyumba ya nne. Wengine makaa yaliwazimikia njiani, wakarudi huko huko.

Mwanzoni nilifanya mzaha. Nilimwambia mume wangu kwamba mke wa zimamoto kutoombwa moto ni haki yake. Hakucheka. Alikuwa mtu wa Makunduchi, mzito wa maneno, na mimi nimezaliwa na ulimi usiotulia, basi katika nyumba yetu mazungumzo yote niliyafanya mimi.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Zimamoto wa mjini walikuwa na kituo chao, magari yao ya maji, na simu ambayo lazima mtu mmoja aikalie saa zote. Kwa kuwa walikuwa na simu, na madereva wa kuondoka wakati wowote, serikali iliwaongezea kazi ya kuwabeba watu walioumia na wagonjwa wasiojiweza na kuwafikisha hospitali. Gari la kazi hiyo lilikuwa moja. Lilipakwa rangi nyekundu kama mengine, likafungwa kengele, na vioo vyake vya nyuma vikapakwa rangi nyeupe ili aliye nje asione ndani. Mume wangu na wenzake wachache walifundishwa kufunga majeraha, kuzuia damu na kumlaza mtu asikose pumzi.

Watu wa mtaani hawakuuliza walifundishwa nini. Waliuliza swali jingine, na nitakuwa mwongo nikisema lilikuwa swali la kijinga. Moto hauwaki kila siku. Nyumba za mjini ni za mawe, na mwezi mzima unaweza kupita hata banda la makuti halijaungua. Sasa wanaume wazima, wenye afya zao, wamevaa kaki na viatu vya ngozi, wanakaa kwenye benchi kutwa wanasugua shaba za magari yao. Serikali ya Mwingereza, isiyompa mtu kitu bure, inawalipa kwa kazi gani? Jibu lilikuja na wasafiri waliotoka bara. Walisema huko kwenye miji mikubwa kila mtu anajua: zimamoto ndio mumiani. Wanawakamata watu, wanawatoa damu kwa mipira, na damu hiyo inakwenda kufanywa dawa ya wazungu. Tena rangi ya magari yao ndiyo hiyo, hawakuhangaika hata kuificha.

Kabla ya gari la wagonjwa, hayo yalikuwa maneno ya kupitishia wakati barazani. Lilipoanza lile gari lenye vioo vyeupe kuingia mitaani kwetu na kuondoka na watu wamelala, hakuna aliyecheka tena.

Na mimi nilikuwa na sababu ya kuyasikiliza kuliko wengine. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, baba mmoja mama mmoja, niliyemlea tangu mama yetu alipofariki. Nilimpenda kwa namna ambayo sijampenda mtu mwingine, hata watoto niliokuja kuzaa mwenyewe, na wao wanajua. Mwaka ule alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke hurudi kujifungulia kwa mama yake, na kwa kuwa mama hakuwapo, alikuwa aje kwangu. Mama mkwe wake hakutaka. Alikuja kwangu siku moja baada ya chakula cha mchana, akakaa mkekani bila ya kuvua buibui lake.

"Mwanangu, mimi sina ubaya na wewe," aliniambia. "Lakini mkwe wangu saa hii ana damu ya watu wawili. Nnamleta vipi kwenye nyumba ya mumeo?"

"Mume wangu hajamla mtu, Bi Mkubwa."

"Sijasema kamla. Nnakuuliza, wewe ushamuona akifanya kazi yake? Hata siku moja?"

Sikuwa nimemuona. Nilimjibu kwa ukali kuliko ilivyofaa kumjibu mtu mzima, akaondoka. Lakini lile swali hakuondoka nalo.

Mdogo wangu alikuja hata hivyo, kwa kuwa alitaka mwenyewe. Alifika na kisanduku chake na tumbo la miezi saba, akacheka mambo yote. Alimpenda shemeji yake kwa ule ukimya wake na alikuwa akimtania mpaka akatabasamu, jambo ambalo mimi sikuliweza. Alisema atazaa mpaka nyumba ikose pa kukanyaga. Alikuwa ameshachagua majina ya watoto wanne.

Ramadhani iliingia. Mtaani kwetu kila nyumba ilipeleka sahani ya futari kwa majirani, na sahani ilirudishwa na kitu ndani yake, hata kama ni kipande cha muhogo. Nilipika tambi za nazi, nikampelekea jirani yangu wa ubavuni. Alikuwa mjane, mtu mzima, muuza vitumbua, na ukuta wetu ulikuwa mmoja. Sahani ilirudi imeoshwa, tupu. Siku ya pili nilipeleka viazi vitamu, ikarudi tupu. Siku ya tatu nilichungulia uani kwake kwa juu ya uzio wa makuti, nikawaona kuku wake wanagombania viazi vyangu. Kuku walinenepa mwezi ule, na mimi niliendelea kupeleka kwa ukaidi tu.

Nilidhani hasira yangu yote ni kwa majirani. Haikuwa hivyo. Nikiwa peke yangu nilikuwa nimeshaanza kumchunguza mume wangu.

Alikuwa akifua shati lake la kazi mwenyewe, huko huko kituoni, kabla ya kurudi. Mwanamume gani anafua, naye ana mke? Mfukoni mwake nilikuta mpira mwembamba wa rangi ya udongo, urefu wa mkono. Nilimuuliza wa nini, akajibu kuwa wa kazi. Nilimuuliza leo mmembeba nani, akasema mgonjwa. Mgonjwa wa wapi, ana nini, amepona au hakupona? Akanitazama tu. Siku moja nilimbana sana, akasema, "Mtu akishabebwa na sisi hana nguo ya kujistiri ila midomo yetu kufunga. Usinulize tena." Lilikuwa jibu zuri. Nililiona zuri mno, limetengenezwa, na nikazidi kushuku.

Kisha ikatokea ile ya adhuhuri. Nilikuwa nimelala baada ya kazi za jikoni, na nikaamka kwa kuhisi mtu amenishika mkono. Mume wangu alikuwa amechutama pembeni ya kitanda. Vidole vyake viwili vimekaa juu ya mshipa wa mkono wangu, macho yake yako kwenye saa, na midomo yake inahesabu kimyakimya. Nilijifanya bado nimelala. Alipomaliza kuhesabu aliuweka mkono wangu chini taratibu, akatoka nje.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwambia, na kwa ujinga wangu alikuwa yule jirani. Nilimwambia kupitia uzio, kama mtu anayesimulia kichekesho. Aliacha kukoroga unga wake.

"Anatafuta mshipa," akasema.

"Atautafutia nini?"

"Mwanangu, mimi nitakwambia nini? Mshipa hutafutiwa nini?"

Kuanzia siku hiyo sikulala mchana. Mdogo wangu naye nilimkataza kulala mume wangu akiwepo nyumbani, nikamsingizia kwamba kulala mchana kunamfanya mtoto awe mvivu. Alinicheka, akalala.

Mwisho, Ramadhani ilipokwisha, niliamua nikaone mwenyewe. Nilitia wali na mchuzi wa papa kwenye bakuli, nikalifunga kwa kitambaa, nikajitanda buibui langu nikaenda mjini hadi kituoni. Hakuna mke aliyekuwa akipeleka chakula pale, lakini nilijitia sijui. Uani kulikuwa na lile gari, milango ya nyuma wazi. Niliona kitanda chenye mikanda ya ngozi. Machela ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mume wangu, mikono ya shati imekunjwa, alikuwa akiimwagia maji kwa ndoo. Maji yaliyokuwa yakishuka kwenye mfereji wa uani yalikuwa mekundu. Hayakuwa mekundu kidogo ya kutilia shaka. Yalikuwa mekundu.

Aliniona. Alitupa gunia juu ya machela, akaja kwangu kwa haraka, akasimama karibu sana ili mwili wake unizibe nisione.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimekuletea chakula."

"Usije tena."

Alilipokea bakuli. Mkono wake ulikuwa umelowa na ulinuka sabuni ya dawa. Jioni alirudi na lile bakuli, chakula hakijaguswa. Nilimuuliza, damu ile ya nani? Akajibu, "Ya mwenyewe." Akatandika mswala wake akasali, na sala ile ilikuwa ndefu.

Ilipita miaka mingi ndipo aliponiambia kuwa ule mpira ulikuwa wa kumfunga majeruhi damu isimwagike, na kuwa siku ile walimchukua mkwezi aliyeanguka mnazini, akafa ndani ya gari akiwa amemshika mume wangu kidole. Mke wa yule mkwezi alikuwa amekaa ofisini, ukuta wa pili, bado hajaambiwa. Ndiyo maana aliogopa nisipige ukelele. Angeniambia siku ile ile, labda mengi yangekwenda vingine. Namlaumu kidogo kwa hilo, ingawa si mimi wa kumlaumu mtu.

Mdogo wangu alijifungua mwezi uliofuata baada ya sikukuu. Uchungu ulimwanza alfajiri. Mume wangu alipokuwa akifunga viatu vyake kwenda kazini aliniita kando.

"Leo mimi ndiye wa simu mpaka magharibi," alisema. "Siondoki mezani. Likitokea lolote nenda dukani upige, ntapokea mwenyewe."

Lile duka lilikuwa pembeni mwa mtaa, la Muhindi mmoja mzee, na simu yake iliyokuwa ukutani karibu na magunia ya mchele ndiyo simu pekee tuliyokuwa nayo karibu. Nilimwambia, "Haya." Akaenda.

Mkunga alikuwa bibi mmoja mwenye mikono mipana, aliyekwisha kuzalisha nusu ya watu wa mtaa ule. Mama mkwe wa mdogo wangu alikuwapo pia, na tasbihi yake. Wanaume wote walikuwa kazini. Ilipopita adhuhuri mtoto alitoka, wa kike, analia kwa nguvu, na tukapiga vigelegele mpaka mtaa ukajua. Mdogo wangu alicheka huku jasho linamtiririka, akasema huyo ni wa kwanza, bado watatu.

Kondo la nyuma halikutoka. Mkunga alikanda tumbo, akasubiri, akakanda tena. Damu ilikuja kidogo, kisha ikaja bila ya kusimama. Tulibadilisha kitambaa, tukabadilisha tena, tukachukua kanga zangu na za mama mkwe. Mkunga alininong'oneza mlangoni, na uso wake haukuwa ule niliouzoea.

"Hii imenishinda. Nenda kampigie mumeo simu, aje na gari."

"Gari ile?" mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Ile ile. Ipo nyingine? Nenda, mwanangu, usitembee, kimbia."

Nilikimbia. Nilikimbia mpaka nikaliona duka, na mwenye duka amesimama nyuma ya mizani yake anapunga nzi. Mbele ya duka kulikuwa na bomba la maji la mtaa. Nilisimama pale bombani.

Nimejaribu maisha yangu yote kuyakumbuka sawasawa yaliyonipita kichwani, nisijionee huruma na wala nisijitie ubaya zaidi ya niliokuwa nao. Niliyaona yale maji mekundu ya uani kituoni. Niliiona mikanda ya ngozi. Niliona mdogo wangu anafungiwa nyuma ya vioo vyeupe, damu yake inatoka tayari, haina hata haja ya kutafutiwa mshipa. Nikajiambia kwamba nikiwaita, na ikawa kweli, basi mimi ndiye niliyemuuza ndugu yangu kwa mkono wangu. Nisipowaita akafa, watu watasema ni amri ya Mungu. Hesabu yangu ilikuwa hiyo. Sikuwa na uhakika kwamba mume wangu ni mumiani. Hata nusu ya uhakika sikuwa nayo. Nilikuwa na shaka tu, na ilinitosha.

Mwanamke mmoja alikuja kuteka maji, akanisalimu, nikaitikia. Kisha nikarudi nyumbani.

"Nimepiga," nilisema. "Hawajibu."

Mkunga alinitazama. "Hawajibu vipi, na wamewekwa pale kwa kazi hiyo?"

"Imelia, imelia, hakuna aliyepokea."

"Labda ndiyo heri," mama mkwe alisema, akaendelea na tasbihi yake.

Mkunga alifanya kila alilolijua. Aliweka maji ya baridi, aliminya, alimpa mtoto anyonye ili kizazi kijikaze. Mdogo wangu alikuwa ameacha kucheka. Midomo yake iligeuka rangi ya majivu. Alinishika pindo la kanga.

"Dada, mbona kuna baridi?"

"Upepo tu."

"Shemeji yuko njiani?"

"Yuko njiani," nikamwambia.

Sijui ulipita muda gani. Jirani yetu aliingia kwa mlango wa uani, mikono ina unga. Alikuwa amesikia kupitia ukutani. Alisimama kizingitini, akaitazama sakafu, akamtazama mdogo wangu, akatoka. Nilimchukia wakati ule. Nilijua ameogopa, na kesho atakuwa na hadithi ya kuuza pamoja na vitumbua vyake.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha punde tuliposikia kengele. Ilikuja ikikaribia, watoto wa mtaa wakikimbia kujificha majumbani, milango ikifungwa mmoja baada ya mwingine. Mume wangu, aliyekuwa amemuachia mtu mwingine ile simu, aliingia na mwenzake na machela. Hakunitazama. Alinawa mikono kwenye beseni, akapiga goti, akamshika mdogo wangu mkono, vidole viwili juu ya mshipa, jicho kwenye saa, na midomo yake ikahesabu kimyakimya.

Hapo ndipo nilipojua alichokuwa akikifanya siku ile kitandani kwangu. Alikuwa akijifunza. Na mkono wa nani angejifunzia, kama si wa mkewe?

Walimlaza miguu juu, wakamfunika gubigubi, wakafunga ile mikanda ili asiporomoke. Mimi nilipanda nao. Ndani ya lile gari mlikuwa safi kuliko nyumbani kwangu, shuka limepigwa pasi. Tulipita mitaani watu wamejaa vichochoroni, shingo zimewarefuka, na hakuna aliyeweza kumuona mdogo wangu alivyokuwa, shuka limemteleza, mapaja wazi na damu mpaka miguuni, kwa sababu ya vile vioo. Mume wangu alikuwa amechutama kichwani pake, anasema mfululizo. Sikupata kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. "Shemeji, nisemeze. Jina la mtoto ni nani? Usilale, shemeji. Na wa pili umesema utamwita nani? Niambie tena." Alimtajia yote manne, kwa sauti iliyokuwa ikififia, na tulipofika hospitali alikuwa bado yu hai.

Aliishi. Daktari alitoka wakati wa magharibi, akazungumza na mume wangu pembeni, na mume wangu akaja kutuambia sisi tuliokuwa ukumbini: mimi, mama mkwe, na mume wa mdogo wangu aliyekuja mbio kutoka bandarini na vumbi la karafuu nguoni. Alisema mama na mtoto wazima. Alisema kizazi wamekitoa, ilikuwa hakuna njia. Daktari amesema angefika saa moja kabla, kingebaki.

Mume wa mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mama mkwe aliinuka.

"Saa moja kabla?" akamwambia mume wangu. "Mkeo alipiga simu saa moja kabla. Alikwenda mbio akarudi mbio. Ililia haikupokewa. Mlikuwa wapi nyinyi? Serikali imekuwekeni pale mfanye nini?"

Mume wangu alinigeukia mimi. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo ukutani, na nilijua anachokijua. Alikuwa ameikalia ile simu tangu asubuhi. Hata adhuhuri, kama walivyofanya wote wa zamu, alisali pale pale ubavuni mwa meza. Nilingoja aseme. Nilifikiri, sasa atasema, na atakuwa na haki, na mdogo wangu atajua.

"Nlitoka," alisema. "Nlikwenda msikitini, nikakawia. Ilipolia hapakuwa na mtu. Kosa langu, Bi Mkubwa. Naomba radhi."

Ule ulikuwa uongo wa kwanza niliomsikia akiusema. Mimi niliyemvizia miezi yote ile nimkamate na uongo mmoja tu, nilimpata nao hapo, na ulikuwa wa kunificha mimi. Nilifungua kinywa. Kisha mama mkwe akaanza kulia, na mwanawe akamshika, na mimi nikakifunga.

Siku chache baadaye nilimuuliza yule jirani, kwa kuwa nilijua kwamba ni yeye aliyekwenda dukani akamuomba mwenye duka apige. Nilimuuliza kama siku hizi haamini tena habari za mumiani.

"Naamini," akasema, anageuza vitumbua vyake. "Kwa nini nisiamini? Lakini nliona damu inamwagika bure sakafuni. Nikasema, nao na waje wachukue yao, mradi wamuache mtoto wa watu."

Yeye aliyeamini yote alikwenda akaita, na mimi niliyeamini robo nilisimama bombani.

Mama mkwe alilalamika kwa wakubwa wa zimamoto, kama alivyokuwa na haki ya kulalamika. Mume wangu aliitwa, akakiri aliyokiri hospitali, akaondolewa kwenye gari la wagonjwa. Alirudishwa kwenye mipira ya maji na kusugua shaba, na hakupewa tena mgonjwa wa kumbeba mpaka alipostaafu. Kazi ile alikuwa akiipenda. Nililijua hilo baada ya kuiona inamtoka, kwa jinsi alivyokuwa akiinua kichwa kila akisikia kengele mjini, na kisha akarudi kwenye chakula chake.

Hatukulizungumza. Mara moja tu, tukiwa na watoto watatu tayari, nilianza kumwambia, "Siku ile, mimi..." Akasema chai imepoa, nikampashie. Nilikwenda nikapasha chai.

Mdogo wangu alimlea binti yake yule mmoja. Mumewe alioa mke mwingine kwa ajili ya watoto, na haukupita muda akamuacha mdogo wangu, naye akarudi kwangu na kisanduku chake. Tumekaa nyumba moja miaka yote. Kila mtoto wangu alipozaliwa, yeye ndiye aliyempokea kutoka mkononi mwa mkunga, akambusu, akanipa. Mdogo wangu hakumnunia shemeji yake hata siku moja. Alikuwa akisema, mtu alikuwa mbele ya Mola wake, utamlaumu vipi? Na mume wangu alikuwa akimsikiliza, akitabasamu lile tabasamu lake alilomuekea yeye tu.

Mume wangu amefariki mwaka huu. Kabla ya kutolewa jeneza, mkubwa wa familia alisimama akauliza, kama kawaida yetu, kama yupo aliyekuwa na haki yake kwa marehemu au aliyekosewa naye, basi amsamehe. Sisi wanawake tulikuwa ndani, mlango umerudishwa. Mdogo wangu alinyanyua mikono yake miwili, akasema kwa sauti ili wote wasikie kwamba yeye alikosewa na marehemu mara moja katika ujana wake, kosa kubwa, na kwamba amemsamehe duniani na akhera, na anamuomba Mungu naye amsamehe.

Wanawake wote waliitikia amina. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, bega kwa bega, na mimi nikaitikia.